Vizibo Kumi

Alhamisi, baada ya isha, Barabara ya Kumi na Mbili,
kwa Mhina fundi baiskeli,
timu inapangwa upya juu ya benchi.
Vizibo vyekundu ni sisi.
Vya kijani ni Moshi, wanaokuja Jumamosi,
na betri kuukuu ya redio, iliyosimama wima,
ni senta wao, mita mbili na ushei,
maana hakuna kizibo kilichomtosha.

"Nani anamkaba betri?"
Ndilo swali. Lilianza Jumatatu.

Shemweta, karani wa bandari, anasukuma kizibo cha Singano.
"Mfupi, sawa. Lakini nyonga ile ni gogo la mvule.
Amsukume kabla ya pasi. Mpira ukishamfika mkononi
wewe tafuta tasbihi."

"Singano ana faulo mbili hata hajafunga kamba za viatu,"
anasema Mama Zumo, anageuza vitumbua.
"Mwekeni Kilua mbele yake, Hozza nyuma,
wambane kama nyama ndani ya sambusa."

"Na yule wa kona? Akibaki peke yake
tutanyolewa bila maji!"

Mhina, spoki mdomoni, hainui macho:
"Muazimeni yule kijana wa Muheza."
"Nguo ya kuazima!" wanaitikia watatu,
na hakuna anayejisumbua kuimalizia.

Mimi nimekalia tairi. Sisemi.
Daftari la alama ni langu, mwaka wa sita huu,
na mwandika alama hana upande.
Ila kuna jambo nalijua:
kila Kilua akienda benchi robo ya tatu
tunadondosha pointi nne, sita, siku moja kumi na moja.
Si kwa mitupo yake. Kilua hafungi.
Kilua anaongea.
"Kushoto! Nyuma yako! Tulia, tulia!"
Akikaa, uwanjani wanabaki watano na kimya,
na kimya hakina safu kwenye daftari.

Jumamosi, saa kumi, saruji bado inachoma.
Kocha Semkiwa anahesabu vichwa: saba.
Hozza yuko zamu, kiwanda cha saruji, mpaka usiku.
Mwingine anaoa. Leo. Ametuma picha.
Singano kaja na kiatu kimoja na ndala moja,
kidole kimevimba, toroli la mkaa limempitia.
Siku nne za vizibo, basi.

Na betri ikashuka kwenye basi.
Ina ndevu tatu na aibu nyingi.
Imemwamkia Mama Zumo shikamoo,
ikanunua vitumbua vinne, ikaomba na maji,
na tangu hapo Mama Zumo hajui anamshangilia nani.

Kilua akamkaba mwenyewe. Nani mwingine?
Akamkaba kwa mdomo: bei ya ndizi huko kwenu,
mama hajambo, viatu hivyo namba ngapi?
Mtoto wa watu akawa anajibu,
na akijibu, mpira unampita.

Robo ya tatu kocha akainua mkono: Kilua, pumzika.
Tulikuwa mbele kwa saba.
Penseli yangu ikasimama hewani.
Mezani hapasemwi. Sikusema.

Sitini na moja kwa hamsini na tisa.
Waja leo, wakarudi leo, na kombe letu.

Alhamisi. Betri imelazwa chali.
Shemweta anaapa Singano angeweza, hata kwa ndala.
Mama Zumo anasema yule mtoto alikuwa na njaa tu,
angepewa vitumbua sita angelala.
Mhina bado yuko na kijana wake wa Muheza.

Nikanyoosha mkono. Kizibo cha Kilua kilikuwa na kutu pembeni.
Nikakirudisha katikati, nikakibonyeza kwa kidole.
"Huyu," nikasema, "asitoke."

Wakanipinga wote kwa mpigo,
kwa hasira, kwa majina ya mechi za miaka mitatu nyuma.
Mama Zumo, akiwa katikati ya kunipinga,
akanisogezea nafasi kwenye benchi.