Kiatu cha Pili

Kaseti ilinasa mwaka juzi, Novemba,
mahali fulani kati ya Førde na kivuko cha Lavik,
na tangu siku hiyo redio ya gari letu haijui neno jingine.
Gaute alijaribu kisu cha siagi.
Alijaribu kibanio changu cha nyusi, akakikunja.
Fundi alichungulia, akacheka, akataja bei
iliyolizidi gari lenyewe.
Basi tukawa wafungwa wa konokono:

*Konokono yu dukani,
ana mguu mmoja.
Mwenye duka ana hoja:
"Jozi haiachikani!"*

Embla ana miaka minne. Kwake hiki ni kisa cha wizi.
Mkosaji ni korongo wa ubeti wa tano,
yule asimamaye ziwani kwa mguu mmoja,
ambaye mwishowe anakichukua kiatu cha pili.
"Hakukilipia," husema Embla kila mara,
na kuupiga teke mgongo wa kiti changu, kwa niaba ya sheria.

Miezi ya mwanzo niliichukia.
Niliichukia kama mtu anavyochukia bomba linalodondoka usiku.
Kisha, asubuhi moja ya mvua ya mlazo, kondoo wamejaa barabarani,
nikamwona Gaute anagonga usukani kwa kidole gumba.
"Sikiliza besi," akasema.
"Huyu jamaa anashuka ngazi, moja, mbili, tatu,
halafu ya nne haikanyagi.
Anaiacha. Nawe unaisikia."

Gaute alikuwa na gitaa la besi, jekundu, lenye kovu shingoni.
Tuliliuza tukanunua kigari cha mtoto.
Hajawahi kulitaja, nami sijawahi kuuliza.

Nikaanza kusikiliza.
Kumbe mwimbaji ana mafua kidogo, na hawakurudia kurekodi.
Kumbe kwenye ubeti wa tatu kuna mtu nyuma anacheka,
akazibwa mdomo.
Watu wazima, chumbani, saa ngapi sijui,
wanampigia konokono kwa pumzi yote,
bila kuwapunja watoto hata noti,
isipokuwa ile moja waliyoikusudia.

Jumapili hii hatukusemezana tangu Skei.
Ilikuwa habari ya kazi ya Stavanger:
mimi nimeitwa, yeye hataki kuhama,
na kila mmoja ameshasema lile alilojiapiza kutolisema.
Handaki likatumeza, likatutema, jingine likatumeza.
Embla alikuwa akiyahesabu; alipofika saba akarudi tatu.
Konokono akaingia dukani.
Mwenye duka akatoa hoja yake.
Nikatazama dirishani, kwa kuwa neno lile
sikuwahi kulisikia likisemwa kwa sauti ya furaha namna hiyo,
na ngoma ndogo ikilisindikiza.

Kivukoni sheria ni kuzima injini.
Gaute akageuza ufunguo, na muziki ukakatika
korongo akiwa bado hajaulizwa shida yake.
Chuma kikalia chini yetu. Lori la samaki mbele, likitiririka.
Embla kalala, mdomo wazi,
makombo ya jibini ya kahawia kidevuni.
Kimya kilikuwa kikubwa kuliko gari.

Sijui nani alianza. Nasema ni yeye; yeye anasema ni mimi.
Alikuwa akivuma kooni, chini kabisa:
ngazi moja, mbili, tatu.
Nami, kwa ukaidi, au kwa kuchoka,
au kwa sababu mkono wake ulikuwa pale kwenye gia,
karibu na wangu, nikaitia ya nne.
Nikaikanyaga kwa mguu mzima.

Gaute akageuka kunitazama.

Nyuma, bila kufumbua macho, kwa sauti ya hakimu
aliyeamshwa kwa jambo dogo:
"Mama. Hapo hakuna kitu.
Hapo mnangoja."