Hesabu ya Mafuta, Mwezi wa Machi

Bi Twaiba, salamu.
Jana ulipiga simu, hali hukuniuliza,
uliuliza: mafuta yamebakije?
Dereva gani huyu, ukasema,
anayerudisha chenji ya petroli?
Kwa hivyo naandika. Kalamu ni ya Umazi binti yangu,
karatasi ya miraba ni ya daftari lake.

Kwanza magurudumu.
Yalikuwa yamebonyea kama mashavu ya kibogoyo.
Garama wa gereji ya Maweni
aliyajaza upepo bure, akanicheka:
Ulikuwa huliendeshi gari hili, ulikuwa unaliburura.

Halafu buti. Nimeshusha mifuko miwili ya saruji
iliyoganda tangu tujenge ukuta,
na jeki ya gari lililokwisha kuuzwa,
na kile kiti cha kukunja cha marehemu,
tulichokuwa tukikitembeza Malindi nzima
kama biharusi.

Langoni mwa shule
nilikuwa nikiwangoja wajukuu zako nusu saa,
injini inanguruma, ubaridi unanipuliza usoni,
nami nimejilaza kitini kama mkurugenzi.
Sasa nazima. Nashuka.
Nakaa kwenye kivuli cha ukuta na mama muuza mabuyu,
ambaye kwa miaka minne sikulijua jina lake.
Anaitwa Mbeyu.

Sokoni siendi tena kila chumvi ikipungua.
Ni Jumanne tu, na orodha mfukoni.
Na tuta nikiliona kwa mbali naondoa mguu,
gari linajiendea lenyewe
hadi linafika limekwisha kutulia,
breki haina la kugombana nalo.

Sasa nyasi. Najua jirani amekutumia picha.
Si uvivu, Bi Twaiba.
Ile mashine ilikuwa inakunywa kama gari
na kwenda haiendi popote.
Nimeivisha gunia.
Nafyeka kwa mkono, Alhamisi, jua halijapata nguvu,
naziacha nyasi zifike vifundoni.
Wewe ulipenda zinyolewe hadi ngozi.
Ardhi ikaota kipara, kipara kikadai maji,
na maji ya Baricho huja yanapojisikia.
Zilizokatika sizichomi. Nazilaza pale pale
zioze, zilishe udongo uliozizaa.
Maji ya kuoshea mchele (na wajukuu zako ni walaji)
nayapeleka upande wa kibla.
Ukoka umeanza kurudi huko, haba na haba,
kama ndevu za kijana.
Mbolea ya dukani iko stoo, haijafunguliwa.
Risiti ninayo, watairudisha wakipenda.

Hizo zote ni lita kumi na nne.
Lakini wewe ndiye uliyenambia
hesabu isiyofunga ni uongo uliovaa tarakimu,
na kila nikijumlisha napata kumi na saba.
Tatu zimezidi.
Nimekesha nazo.

Bi Twaiba, hizo tatu ni za zamani.
Kila mwisho wa mwezi zilikuwa zikipita mpirani
zikaishia kwenye pikipiki ya shemeji yangu.
Mwezi huu hazikupita.
Sikusema naacha wizi. Nilisema tu
nitaandika kila tone, nione linakwenda wapi,
na tone likishaandikwa
linakutazama.

Chenji iko kwenye kopo la majani ya chai, rafu ya juu.
Ukitaka kunifukuza, nifukuze baada ya masika,
maana ukoka haujashika.
Ukitaka kununua kitu, mashine mpya usinunue.
Naomba tupa moja. Fyekeo limekuwa butu.

Ni mimi, Ngumbao Thoya.

Umazi ameisoma yote.
Amesahihisha herufi mbili kwa wino mwekundu,
akairudisha,
na neno hakusema.