Siku ya Nne, Mtambwe

Usiniambie huna maziwa, Mize.
Neno hilo kalileta Bi Time jana alasiri
pamoja na kopo alilolinunua Wete kwa pesa ya makonyo,
na chupa ambayo bado ina karatasi yake ya dukani.

Keti. Si hivyo,
umejikunja kama mtu aliyekuja kudaiwa.
Egemea ukuta. Chukua mto wa usufi.
Mguu weka juu ya mbuzi, usione haya,
leo hatukuni nazi.

Najua yanauma.
Siku ya tatu yanajaa, yanakuwa mawe,
siku ya nne chuchu inapasuka,
na mtoto akilia unakunja vidole vya miguu
kabla hajakugusa.
Mimi nilikuwa nauma upindo wa kanga.
Sikumwambia mtu. Ningesema ningeambiwa
mbona mama yako kanyonyesha tisa.
Basi nikanyamaza,
na maziwa yakanyamaza.

Mwanangu wa kwanza alilelewa kwa maji ya sukari
na uji wa wanga.
Leo ana miaka kumi na moja, anaparamia mikarafuu kama komba,
alhamdulillah, sikwambii haya kukutisha.
Nakwambia kwa sababu siku ile
hapa nilipokaa mimi
hapakukaa mtu.

Tazama. Tumbo lake kwa tumbo lako.
Usimpelekee ziwa, mlete yeye.
Pua ielekee chuchu. Ngoja.
Ngoja apanue kinywa kama anayepiga miayo ya alfajiri.
Hapo! Mvute, na weusi uingie,
si ncha peke yake. Ncha ndiyo iliyokuchana.
Inauma? Mtoe.
Tia kidole pembeni mwa mdomo, atabanduka.
Tena.
Tena, Mize. Mchuzi wa pweza hauna miguu,
tutaukuta.

Bi Time kasimama mlangoni,
vidole vimekoza rangi kwa kuchambua karafuu.
Ndiye aliyesema dang'a ikamuliwe, imwagwe mgombani,
nawe ukampa mwanao chini ya kisutu,
mwizi wa chako mwenyewe.
Nikajiandaa kwa maneno.
Akakaa kizingitini.

"Faki nilimzaa vuli, karafuu zimeiva," akasema.
"Siku ya tisa nikaitwa jamvini.
Ziwa linatona, nguo inaganda kifuani, nami nachambua.
Nikirudi jioni keshashibishwa wanga, kalala.
Mwezi haukwisha, nikakauka.
Wakasema jicho. Wakasema maziwa yangu mepesi.
Hapana aliyesema,
lete hilo pakacha, wewe kakae."

Tukanyamaza sote watatu.

Ndipo nikasikia.
Nawe ulisikia, niliona mabega yako yakishuka.
Zile pupa za mwanzo zimekwisha, sasa anameza:
kimya, kh,
kimya, kh,
kama bomba lililoachwa likidondoka usiku
ndoo ikijaa bila ya mtu kujua.

Usilie juu ya kichwa chake, utamtia baridi.
Lia, basi. Lia, nitampangusa.

Faki akirudi magharibi nitakuwa na maneno naye.
Maji atachota yeye, nepi atafua yeye,
na asikuulize kama kesho utaweza kushuka jamvini.
Arobaini ikiisha nitakufundisha kukamua:
mikono safi, kikombe cha chai chenye kifuniko,
yatangoja kivulini mpaka urudi,
na yeye atayanywa kikombeni, polepole,
mzee mdogo na kahawa yake.

Kopo liko pale juu ya kabati.
Hatulitupi, pesa ya makonyo haitupwi.
Bi Time kasema atalirudisha Wete akabadilishe sabuni,
na mwenye duka akikataa
watajuana.

Kisha kainuka, goti likalia,
kachukua pakacha lako, lile lililofumuka pembeni,
katoka bila ya kuaga.

Sasa la pili.
Mgeuze.