Kaseti ya Manjano

Stima imekatika Umoja tangu saa mbili,
jenereta ya bucha inakohoa ng'ambo ya barabara,
na Nafuna, mwanangu, hana habari:
uso wake umewaka buluu kutoka chini,
vidole gumba viwili vinapigana na joka
lililomtangulia duniani kwa miaka ishirini.

Mashine ni mpya, nyembamba kama kitabu cha benki.
Mgongoni nimeichomeka kaseti ya manjano,
imekaa kama gunia juu ya baiskeli.
Karatasi yake inajigamba: MICHEZO 9,999,999.
Uongo. Ni minne tu,
ile ile, kwa majina mapya,
mara mtu anaanza na bunduki, mara anaanza na viatu,
nasi wajinga wa Jericho tulifungua ukurasa baada ya ukurasa
tukiutafuta wa tano.

Shivachi alikuwa na runinga tatu
na chumba kilichonuka soksi na mafuta ya taa.
Shilingi tano, dakika kumi, saa ya mezani ndiyo hakimu.
Stima ikipotea ukiwa hatua ya nane
hela hairudi. "Kawadai wenye umeme,"
alisema, akiwasha sigara kwa koroboi.
Kesho yake tulianza upya:
hatua ya kwanza, roho tatu, mfuko mtupu.

Siku niliyoiba haikuwa na ushujaa.
Taa zilizimika, mkono ukaenda wenyewe.
Kaseti ilikuwa bado na joto, kama yai.
Nikaisukuma ndani ya soksi, nikatoka nikichechemea,
na hakuna aliyeuliza kwa nini nachechemea.

Aliyeulizwa ni Kiilu.
Alikuwa ameketi karibu na soketi, basi.
Shivachi alimchapa kwa waya wa kidhibiti,
waya ule ule tuliokuwa tukiugombania,
na Kiilu hakutaja jina, kwani hakulijua,
au ndivyo nilivyojiambia miaka ishirini na sita.

Wiki jana mashine iligoma kuisoma.
Skrini kijivu, kimya.
Nikashuka Luthuli, ngazi za nyuma, ghorofa ya pili,
kwa fundi mmoja wanayemsifu,
nikamkuta Kiilu. Ana miwani sasa, ana tumbo.
Tukajuliana hali kama watu wa mtaa mmoja:
Mama yupo? Yupo.
Ile nyumba ya kona waliibomoa? Waliibomoa.
Akalegeza skrubu nne, akaanza kupangusa meno ya shaba
kwa spiriti na kijiti cha pamba,
na ndani ya ganda, kwa ncha ya msumari,
mtu alikuwa amekwaruza herufi mbili: SH.
Pamba ikasimama.
Nje kipaza sauti kilikuwa kikinadi chaja.
Pamba ikaendelea.

"Mia tatu," akasema. Nikatoa elfu.
Akanirudishia mia saba, noti moja moja,
zote zikitazama upande mmoja.
Nilikuwa na neno, limenijaa mdomoni kama ugali wa moto,
lakini alikwisha kumwita mteja wa nyuma yangu.
Nilipofika mlangoni ndipo aliposema,
bila kuinua macho kwenye kazi yake:
"Na ule mguu, ulipona?"

Nafuna ameanguka shimoni.
Haimsumbui. Anabonyeza kitufe cha pembeni
na mtu wake anaelea kutoka kuzimu, kinyumenyume,
hadi ukingoni, mzima, roho zake zote tatu.
"Baba, zamani hamkuwa na hii?"
Hatukuwa nayo, mama.

Stima inarudi. Mtaa mzima unapiga kelele,
friji inaguna, taa ya jikoni inapepesa.
Yeye hata hatazami.
Nataka kuinuka nizime mshumaa,
ila mguu wangu wa kulia, chini ya meza,
umekufa ganzi.