Kilichokaza Bahasha

Mnunuzi ametoka Chennai na kibano chake,
amevaa glavu nyeupe kama mtu wa kuosha maiti.
Ameketi kwenye kiti cha Penchalaya bila kuulizwa,
akafungua albamu ya kwanza, akanyamaza.
Nakujua kunyamaza huko: ni kwa mtu anayepiga hesabu.

Miaka thelathini na minane nimeishi na mke mwenza wa karatasi.
Yeye alilala ndani ya nailoni, kwa dawa ya nondo,
mimi chini ya paa linalovuja.
Mume wangu alikatisha tiketi stesheni ya Sullurupeta;
mshahara uliingia kwa mkono huu, ukatokea kwa ule.
Stempu ya setilaiti ya Aryabhata,
paisa ishirini na tano alipoinunua mara ya kwanza,
aliinunua tena, na tena, kwa bei aliyonitajia gizani.
"Hii ina kosa," alisema. "Wino umehama. Kosa ndilo ghali."
Nikamjibu: basi mimi na wewe ni matajiri.

Siku ya kurusha roketi hakutazama juu.
Mtaa mzima umepanda mapaani,
watoto wanahesabu kinyumenyume kwa Kitelugu,
heroe wa ziwa la Pulikati wanaruka wote kwa pamoja,
masufuria yananitetemekea jikoni,
naye yuko mlangoni, macho barabarani,
anangoja basi la wafanyakazi litoke kisiwani,
maana dereva Masthan kabeba bahasha zake kumi na mbili
na swali ni moja tu: muhuri umekaa sawa?
Kama chombo kimefika angani au hakikufika,
hayo waulizwe wenyewe.

Kimoja hakikufika.
Kiliinama kama mlevi, kikaingia baharini,
na bahasha zilikwisha chapwa maneno ya pongezi.
Jirani yetu, mkusanyaji kama yeye, alizitupa zake jaani.
Penchalaya aliziokota, akazipangusa kwa shati,
moja akaiweka ukurasa wa kwanza.
Wala hakusema neno. Alikula wali, akalala.

Sasa mnunuzi anaishika hiyo hiyo,
anaimulika dirishani, anavuta kitu ndani kwa kibano:
kipande cha kadi, cha kuikaza isikunjike.
Anakiweka mezani, upande wa takataka.
Nakiokota.
Ni ubavu wa boksi la dawa ya kikohozi,
mwaka ule Sulochana alipobweka usiku kucha kama mbweha.

Ya pili: jalada la daftari, darasa la tatu,
jina lake limeandikwa kwa herufi moja pungufu.
Ya tatu: kalenda ya duka la mbolea,
mwezi wa Agosti, na mwandiko wangu,
deni la maziwa, lita mbili, lita mbili, nusu.
Bahasha ya safari ya Mwezini
ilibeba robo ya kadi ya harusi ya mwanetu:
jina la bwana harusi limekatwa katikati,
na ndoa nayo, mniwie radhi, ilifuata mkasi.

Hakukusudia. Namjua.
Alikuwa bahili wa maboksi, basi,
kila kigumu kilichoingia nyumbani kilikatwa kwa kipimo.
Nje ya bahasha tarehe ya taifa, muhuri mweusi wa duara;
ndani, bila kujua, alikuwa akitutia sisi.

"Mama," anasema mnunuzi, "nakupa laki mbili na nusu kwa zote."
Chukua bahasha, namwambia, kadi niachie.
"Bila kadi zitakunjika njiani."
Hilo nalijua kuliko wewe.

Anacheka kidogo, ananipa kadi yake ya biashara,
ngumu, ina ukingo wa dhahabu, ili nikimhitaji nimpigie simu.
Nakwenda kuchukua mkasi.
Naipunguza upande mmoja, naisukuma
ndani ya bahasha ya roketi iliyoanguka.

Imeenea barabara.