Usiku wa Tatu

"Siku ngapi?" aliuliza kijana wa mapokezi,
kalamu juu ya kisanduku kidogo cha fomu
kisichotosha hata kuandikia jina.
Nje gari lilikuwa bado linapumua joto la Haima,
kioo cha mbele kimejaa wadudu wa kilomita elfu,
na hapa Taqah mvua haikuanguka, ilining'inia tu,
kama neno lililosahauliwa ulimini.

Muhanna alihesabu kwa vidole, ufunguo mkononi.
Jumapili yuko kazini. Kurudi ni siku nzima.
"Mbili," akasema. "Mbili zatosha kuiona bahari."
Bahari yenyewe ilinguruma nyuma ya ukuta,
imesimamishiwa bendera nyekundu, haitaki mtu.
Nani huendesha gari saa kumi na moja mfululizo,
nikamwambia, kwenda kutazama maji asiyoruhusiwa kuyaingia,
kisha arudi kabla chumvi haijakauka kwenye miwani?
Tatu. Mimi nasema tatu.
Yaarub alitaka kumi na tano,
kwa kuwa alimwona ngamia akivuka barabara
bila kutazama kulia wala kushoto.

Kijana akatutilia kishawishi: ukilipa sita, wa saba bure.
Kwao Chittagong. Alikuja, alisema, kwa msimu mmoja.
Huu ni wake wa sita.

Mama hakuwa ameshuka.
Aliteremsha kioo nusu, akatoa mkono,
kiganja juu, manyunyu yakimjaa kwenye pete.
Wenyeji huuita kharifu. Yeye alinusa mara moja:
"Kusi hii. Imebadili jina tu, kama mtu aliyepata kazi."
Njiani alitusimamisha penye vibanda vya ndizi,
akanywa dafu lake mpaka tone la mwisho,
akalipasua, akakwangua nyama
kwa kijiko cha ganda alichokichonga mwenyewe,
na hakusema kitu.
Mama asiposema kitu
sisi wanawe huwa hatujui mikono tuiweke wapi.

Nilidhani atataka mwezi.
Nilishajiandaa kuijumlisha kura yake na yangu.

"Mbili," alisema.
Muhanna akaanza kutabasamu. Akamkata:
"Si kwa ajili ya hiyo kazi yako."
Akafuta pete kwa ncha ya mtandio, polepole.
"Usiku wa kwanza unapapasa ukuta, unatafuta swichi.
Wa pili unakosea, unawasha feni badala ya taa.
Wa tatu mkono unakwenda wenyewe gizani.
Hapo ndipo pabaya.
Sisi Maskati tulikuja kwa miezi mitatu.
Baba yako alikataa kununua kabati:
la nini kabati, kwa miezi mitatu?
Nguo zikakaa sandukuni mpaka ukazaliwa wewe,
ukaotea meno kwenye mkanda wa sanduku lile."

Nikataka kumchekesha. Mgeni siku mbili, nikasema,
ya tatu mpe jembe; lakini hapa, Mama,
hakuna jembe, kuna bili tu.
Hakucheka.
"Ukipewa jembe," alisema, "umeshakuwa wa pale."
Akapandisha kioo.

Kijana akaandika 2. Aliiandika kwa wino hafifu,
nadhani amewaona wengi wakirudi mezani.

Usiku wa pili niliamka kabla ya adhana.
Mama alikuwa mlangoni mwa jiko, gizani, bila miwani.
Mkono wake ukanyanyuka, ukaenda moja kwa moja,
na taa ikawaka.
Aliutazama mkono ule
kama mtu aliyemfumania mtoto mfukoni mwake.
Akazima.
Kisha akaanza kupapasa ukuta, juu, chini,
kwa uangalifu wa mgeni,
mpaka akaipata swichi isiyo yenyewe.

Feni ikazunguka katika baridi ile.
Tukasimama chini yake, mimi na yeye,
nywele zikitupepea,
na hakuna aliyemuuliza mwenzake kumekucha saa ngapi.