Nyongeza

Kadi ya mwaliko niliisoma mara tatu,
ya nne nikamsomesha mjukuu wangu Kalunde:
"Sahani saba. Saa moja jioni. Njoo na njaa."
Njoo na njaa! Mtu wa miaka sabini na mmoja
haambiwi hivyo. Njaa anatembea nayo
kama kitambulisho.

Ile nyumba ya Cheyo, ya mkaguzi wa reli,
ndiyo sasa hoteli ya Lutonja.
Wamechokonoa plasta mpaka tofali likaonekana,
aibu ile ile tuliyoificha zamani kwa chokaa.
Meza sita. Vitambaa vimenyooka kwa pasi
kama sare za siku ya mahafali.
Kijana mwenye glavu akanivutia kiti,
nikageuka kutazama nani anakaribishwa.

Ya kwanza: uyoga mmoja.
Mmoja, nasema. Umekaa katikati ya sahani
kama mwanafunzi aliyechelewa kurudi likizo.
Kijana akaeleza: umeokotwa Sikonge, mvua ya kwanza,
ukapitishwa kwenye moshi wa mninga.
Maelezo yalikuwa marefu kuliko uyoga.

Ya pili nsansa, na karanga juu yake.
Nilitafuna nikafumba macho, na nisiseme uongo,
mama yangu alipita na ungo wake.
Ya tatu supu, kwenye kikombe cha kahawa.
Ya nne kipande cha kuku kimelala ubavu,
kando yake tone la asali ya Urambo.
Tone, si kijiko.
Mimi niliyepima maharage kwa debe
nikajikuta nalihurumia tone.

Mnielewe. Miaka ishirini na minane
nilipika shule ya bweni: wavulana mia sita,
mapipa mawili ya ugali, mwiko unaonizidi kimo,
kuni mbichi, macho mekundu kabla ya adhana.
Na kila usiku, kwenye dirisha la jiko,
mkono mmoja mwembamba, wenye kovu kiganjani,
ulinyoosha sahani ya bati:
"Mzee Msimbira, nyongeza."
Nami: "Hakuna."
Hilo neno nilikuwa nalo tele,
hilo stoo haikuwahi kunipunja.

Kumbe kuna siku ilikuwapo.
Ilikuwa ndani ya ndoo yenye mfuniko,
chini ya baiskeli, inangoja kwenda Isevya
kwa wanangu wanne.

Ya tano siikumbuki. Nilikuwa dirishani.

Ya sita ameileta Lutonja mwenyewe,
aproni nyeusi, kitambi kidogo, kovu lile lile.
Sahani ya bati, imebanduka rangi ukingoni.
Juu yake ukoko,
mweusi huku, kahawia kule, una chumvi na siagi,
umesimamishwa kama kigae.
Hakueleza kitu. Meza ya jirani wakapiga picha.

Sikujua ni shukrani au ni hati ya mashtaka.
Nikauvunja. Ulilia ka! kama enzi zile
walipougombania, vichwa ndani ya pipa,
miguu juu, vijiko vikikwangua.
Ulikuwa mtamu. Ulikuwa na moshi. Ulinikwaruza fizi.

"Ile ndoo, Mzee," akasema,
akipangusa meza pasipo na uchafu,
"sisi wote tulikuwa tunaijua."
Kisha, kama mtu anayetaja bei ya nyanya:
"Shija wako alikuwa akinimegea, nyuma ya ukuta.
Si kila siku. Shija alikuwa mlafi."

Nilicheka mpaka nikapaliwa.
Shija tulimzika mwaka wa mafuriko,
na hakuna aliyewahi kuniletea habari zake mpya
tangu hapo.

Ya saba zilikuwa ntalali, zimegandishwa barafu.
Niliziacha ziyeyuke.
Sahani ya bati bado ilikuwa mkononi mwangu,
nimeinyoosha, shati la kuazima likinivuta kwapani,
na neno likagoma kutoka,
neno walilolisema kila usiku bila haya
wavulana wa miaka kumi na minne.